Kikombe Kisichotikiswa

Jumamosi, tarehe tano Aprili, saa nne asubuhi, Muhenna alimsikia kaka yake Humaid akicheka kwa mara ya mwisho.

Walikuwa watatu, juu ya baiskeli za matairi mapana, katika mchanga wa Bidiya. Wa tatu alikuwa Joris, Mholanzi aliyekuja likizo kuendesha baiskeli jangwani. Alikuwa amefikia nyumbani kwao na Kiarabu chake cha kubahatisha.

"Kaka, tumbo hilo ni la gari, si la baiskeli," Muhenna alitania.

"Ukikwama wewe, mdogo wangu, tutaokota mbavu tu."

Chini ya mti wa ghafu alikuwa ameketi mtu, kilemba kimemfunika hadi puani. Hakuwa na ngamia wala gari. Mchanga uliomzunguka ulikuwa laini, hauna unyayo hata mmoja.

Humaid alimsalimu. Yule mtu hakuitikia. Alinyoosha kikombe kidogo cha kahawa.

Humaid akashuka, akammiminia kahawa kutoka chupa yake. Kwao, aliyetosheka hutikisa kikombe. Asipotikisa, unamimina tena. Yule alikunywa. Hakutikisa.

Kahawa ikaisha. Humaid akaanza kumimina maji.

"Mwambie inatosha," Joris alinong'ona. "Hayo ndiyo ya kuturudisha."

"Mwenye kiu haambiwi inatosha, Joris. Ni aibu."

"Kaka," Muhenna akasema taratibu, "mtazame koo. Hajameza hata mara moja."

Humaid hakugeuka. Alikuwa anamimina chupa ya mwisho.

"Gari letu liko nyuma ya kilima kile. Leteni maji. Mimi nitakaa naye."

Walikanyaga pedali hadi mapaja yakawaka moto. Waliporudi na dumu, kivuli cha mti kilikuwa hakijasogea.

Yule mtu hayupo. Baiskeli ya Humaid haipo. Alama ya matairi ilitoka mtini, ikapanda kilima. Katikati ya mteremko ikakoma. Mbele yake, mchanga mtupu.

Humaid alikuwa ameketi pale alipokuwa yule. Midomo imepasuka kama kiriba cha zamani. Macho wazi. Mkono umenyooshwa. Mkononi, kikombe.

Muhenna alimtia maji mdomoni. Mdomoni humo ukamwagika mchanga. Mkavu.

Akavishika vidole vya kaka yake pamoja na kikombe, akakitikisa. Kushoto. Kulia.

"Inatosha," alinong'ona. "Wallahi, inatosha."

Walimzika kabla ya magharibi. Joris alirudi nchini kwake, akaiacha baiskeli yake ukutani. Hakutaka hata kuigusa.

Zuwaina, mjane wa Humaid, alikifukia kile kikombe chini ya mtende. Kesho yake alikikuta kwenye sinia, kati ya vikombe vya nyumba. Hadi leo hukilaza kifudifudi kila asubuhi. Kila adhuhuri hukikuta kimetazama juu. Kikavu. Kinangoja.

Ee Mola, mrehemu Humaid mwana wa Ghasib, msamehe, lipanue kaburi lake, na umnyweshe kinywaji ambacho hataona kiu tena baada yake. Amina.