Doa la Mandhari Nyeusi

Mwanzoni lilikuwa doa tu, dogo kama ukucha wa kidole gumba, pembeni mwa skrini, na Scholastica alilifuta kwa pindo la kanga akidhani ni uji wa mtoto. Halikufutika. Akalitemea mate kidogo, akasugua tena, kama mtu ambaye hakusoma. Doa likabaki palepale, rangi ya maji ya ziwa baada ya mvua kubwa, katikati ya weusi aliouchagua mwenyewe.

Scholastica alikuwa mtengenezaji wa mifumo ya kompyuta, kazi ambayo majirani zake wa Nangara waliifupisha kuwa "yule mama anayekaa." Na kweli alikaa. Kutwa alikuwa sebuleni, mgongo umeelekea benchi la mbao lililoegemea ukuta, akiandika mfumo wa wagonjwa wa zahanati moja ya Bonga. Programu aliyoandikia ilikuwa na mandhari za rangi, mtu anachagua kama anavyochagua kitenge: nyeupe, kijivu, samawati. Yeye alikuwa mtu wa nyeusi, maandishi yakiwaka rangi rangi juu ya giza, kwa sababu nyeupe ilimchoma macho. Nyuma yake, kwenye lile benchi, alicheza Rosa, mwanawe wa pekee, aliyempata baada ya mimba mbili kuharibika. Kwa ajili ya Rosa alikataa kazi ya Dodoma yenye ofisi na kiyoyozi. Kila kitu kingine maishani mwake kingeweza kufutwa na kuandikwa upya. Rosa hapana.

Doa lilimkera kabla halijamtisha. Alibadili mandhari nyeusi kwa nyeusi nyingine; lipo. Akaweka nyeupe, halipo. Akarudi kwenye nyeusi. Lipo, na limenenepa. Akafuta mipangilio yote, akaing'oa programu nzima na kuipakua upya kwa bando lililokusudiwa kumaliza wiki. Lipo. Mwishowe akaiagiza kompyuta yenyewe ipige picha ya skrini, akamtumia Gerson, mwenzake wa kazi aliyekuwa akikaa Singe.

"Sioni kitu, dada Schola," Gerson alisema kwenye simu. "Nyeusi tii, kama chungu cha mama mkwe."

"Angalia pembeni, chini."

"Nimeangalia mpaka shingo inauma. Kama picha haina doa, basi programu haina kosa. Kioo chako ndicho kimekufa. Nakuja na mashine yangu."

Gerson alikuwa na maelezo ya kila jambo, na kwa kawaida yalikuwa sahihi, ndiyo maana alikuwa havumiliki. Alifika mchana, akaisogeza kompyuta ya Scholastica kando, akaweka yake mezani na kuiwasha katika mandhari nyeusi. Doa likawa hapo, sasa kubwa kama ngumi.

Alilitazama kidogo, kisha akacheka kwa raha ya mtu aliyepata jibu.

"Tumekuwa wajinga. Kioo cheusi si sawa na kioo cha kujitazamia? Nyeupe inaficha, nyeusi inakuonyesha kilicho nyuma yako. Ndiyo maana kwenye picha halipo. Hiyo si kasoro, dada, ni mwanga. Kuna kitu huko nyuma kina rangi hiyo."

Wote wawili wakageuka. Ukuta ulikuwa mweupe. Benchi lilikuwa la kahawia. Rosa alikuwa amekaa kwenye ncha moja ya benchi akimvika mwanasesere soksi. Hapakuwa na kitu cha rangi ya tope.

Gerson akavuta pazia. Akakiinamisha kioo huku na kule, na doa likateleza kama vivuli vyote vya kioo vinavyoteleza, lakini kila alipokituliza lilirudi mahali pamoja: kwenye ile ncha ya pili ya benchi, iliyokuwa tupu.

"Rosa," Scholastica alisema taratibu, "njoo kwa mama."

Mtoto hakuinua hata kichwa. "Sasa huyu atabaki na nani?"

Gerson hakucheka tena. Aliikunja kompyuta yake bila kuizima, na mlangoni akanong'ona, macho yake yakiwa kwenye viatu: "Weka nyeupe, dada. Umalize kazi ya watu."

Akaweka nyeupe. Doa likatoweka, na Scholastica akafanya kosa ambalo watu wa kazi yake hulifanya kila siku na kulipwa kwalo: kasoro isiyoonekana aliihesabu kuwa imepona.

Ndipo ikaja harufu. Harufu ya tope na matete yaliyooza, katikati ya kiangazi, wakati vumbi la Nangara lilikuwa likiingia hata ndani ya sufuria zilizofunikwa. Kisha benchi likaanza kuamka limelowa kwenye ile ncha tupu, likikauka adhuhuri na kulowa tena kabla ya jioni. Na nyuma ya mgongo wake, alipokuwa akiandika juu ya weupe uliomtoa machozi, alisikia pumzi isiyo ya mtoto, nzito, ya kitu kilichozoea kupumua chini ya maji, na kila alipogeuka alimwona Rosa peke yake, amenyamaza, lakini amesogea kidogo zaidi ya jana kuelekea katikati ya benchi, viganja vyake vimepoa, midomo imekauka ingawa alikuwa akinywa kikombe juu ya kikombe kutoka kwenye ndoo, akiacha uji, akiacha mwanasesere, akisogea.

Jirani yake, Domina, ambaye mtaa ulimwita Mama Zabron, alikuwa akichagua mbaazi barazani Scholastica alipompelekea mtoto.

"Shikamoo, Mama Zabron."

"Marahaba." Domina aligusa paji la Rosa, akaurudisha mkono haraka. "Tangu lini?"

Scholastica akamweleza, akiona aibu kwa kila sentensi. Domina hakushangaa. Akasogea karibu na kushusha sauti, kana kwamba nyumba ya pili ilikuwa na masikio.

"Pale kwako palikuwa na chemchemi. Mama yangu alichota pale. Mwenye nyumba alimwaga kifusi, akapiga zege, akapangisha. Wenye maji hawakuulizwa."

"Wenye maji ndio majini?"

"Ninyi wakuja mnawaita majini. Sisi hatuwaiti, ndiyo maana hawaji." Akaitupa mbaazi mbovu. "Huyo wako anatoka, lakini lazima aambiwe pa kwenda. Aongozwe njia mpaka ziwani, mtu akimwaga maji mbele yake. Mgeni humfukuzi bila kumwonyesha mlango. Mzee anayeijua kazi hiyo yuko Hanang msibani. Msubiri arudi."

Scholastica akamtazama mwanawe, aliyekuwa amelala wima, macho wazi nusu. Hakuweza kusubiri. Wakati bado Domina akisema, alikuwa tayari anatafuta kwenye simu namba aliyopewa kanisani.

Mtumishi Amedeus alikuja na suti, tai, na spika ya magurudumu, katika chumba ambacho mnong'ono ungetosha. Scholastica, ambaye siku zote aliwacheka watu wa namna hii, alimvutia kiti kwa mikono miwili.

"Anaonekana wapi?" Amedeus aliuliza.

"Kwenye kioo. Nikiweka nyeusi."

"Weka."

Akaweka. Doa halikuwa doa tena. Lilijaza nusu ya benchi, lina mabega, na upande wa juu, palipostahili uso, rangi ya tope ilikuwa ikitembea polepole kama maji yanayotulia. Amedeus alirudi nyuma hatua moja. Hakukimbia, na kwa hilo Scholastica alimsifu moyoni. Alielekeza kiganja kwenye kompyuta, akashika kipaza sauti.

"Nakuamuru, toka kwenye kioo hiki. Usionekane humo tena."

"Mwambie aende wapi," Domina alinong'ona kutoka mlangoni, Rosa akiwa mikononi mwake.

"Mama, tusimfundishe Mungu jiografia."

"Mtumishi, tafadhali, mwambie ziwani," Scholastica alisihi.

"Toka," Amedeus alinguruma, akiifunika sauti yake, tena na tena, spika ikikwaruza, harufu ya matete ikipanda mpaka Scholastica akaziba pua kwa kanga, benchi likilia kama mbao inayoelemewa na kisha kupunguziwa mzigo, bati likitikisika ingawa nje hata jani la mgomba halikusogea, mpaka ghafla, katikati ya neno, kila kitu kikakatika. Harufu ikaisha. Mikononi mwa Domina, Rosa akapata kwikwi moja, akatulia.

Wakatazama kioo. Kilikuwa cheusi, kisafi. Ukuta mweupe, benchi tupu, tai ya Mtumishi. Scholastica akajikuta analia kama mtoto wa shule. Amedeus akasema amina, akafunga spika yake, akaondoka kwa mwendo wa mtu asiyetaka kuulizwa maswali.

"Angalau anataka kushuka," Domina alisema, kwa sababu Rosa alikuwa akijisukuma mikononi mwake. Akamshusha, akakumbuka chungu alichoacha motoni, akatoka mbio.

Rosa akavuka chumba kwa miguu yake, bila kutetereka, akapanda mapajani kwa mama yake. Mashavu yamerudi. Viganja vimepata joto. Scholastica akamkumbatia, akaweka kidevu kwenye nywele zake, na kuona kwamba amekuwa mzito, mzito kuliko mtoto aliyekataa uji siku zote hizo, na kwamba nywele zimelowa mpaka kwenye ngozi.

Akainua macho. Kioo kilikuwa bado kwenye nyeusi. Alijiona mwenyewe waziwazi, kanga yake, machozi yake, mikono yake miwili imezunguka kitu cha rangi ya maji ya ziwa baada ya mvua kubwa.

Kidole kidogo kikanyooka kuelekea kwenye kibodi.

"Mama, weka nyeupe," Rosa alisema, kwa upole. "Hivi tunaonekana."