Papasa Kiti Kwanza

Maji yaliingia kwanza miguuni pa dereva, kisha injini ikakohoa na kunyamaza. Gari la wagonjwa lilikuwa katikati ya daraja la chini, msitu huku, msitu kule, na mto ulikuwa umepanda bila kubisha hodi. Ndani walikuwa watatu: dereva, muuguzi ambaye ni mwanangu wa kwanza, na mpasua mbao aliyeangukiwa na gogo mguuni.

"Sista, mlango haufunguki."

"Vunja kioo cha nyuma. Tunampandisha juu."

Walimpandisha na machela yake, wakamfunga kwa mikanda kwenye vyuma vya paa. Mwanangu alikuwa amemkaza kamba juu ya goti ili damu isiishe. Kamba hiyo ikikaa mno, mguu hufa. Alilijua hilo. Akabonyeza redio ya upepo.

"Kituo, hapa gari la wagonjwa. Barabara ya juu imezibwa na mti ulioanguka. Tumezama daraja la chini, leteni boti."

Nani angemsikia mpaka mwisho? Zimamoto, polisi, boti, madereva, wote walikuwa wanapayuka kwenye chaneli moja. Zamani kulikuwa na utaratibu: chaneli ya kwanza ya kuitana na kituo, ya pili ya boti na magari, na ya kwanza ikiziba, kila mtu anahamia ya pili. Mkuu wa uokoaji aliufuta asubuhi ile ile. Alisema anataka kusikia kila kitu mwenyewe. Mtu ana masikio mawili, anataka kusikiliza vinywa vya mji mzima!

Mara kelele zote zikakatika. Ikabaki sauti ya mtu anatafuna.

Redio hizi si simu. Mmoja akibana kitufe cha kuongelea, wengine wote wanakuwa mabubu mpaka aachie. Mkuu alikuwa ameitupa redio yake kwenye kiti cha gari lake, kisha akaikalia. Paja lake likabana kitufe. Basi watu wanazama huku wanamsikiliza anavyokula karanga.

"Goti langu likiuma, najua mvua bado ipo," redio ilisema.

Mtu akacheka, kisha akauliza, "Na wale wa gari la wagonjwa, mkuu?"

"Si nimeshatuma boti daraja la juu. Siku zote wanapita juu. Hebu nipe chumvi."

Dereva alimgeukia mwanangu. "Amesema juu?"

"Amesema juu."

Akabonyeza, akaita, akaita tena: chini, tuko chini. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Gogo likaja na mkondo, likagonga ubavu wa gari, gari likateleza mpaka tairi la nyuma likaning'inia nje ya daraja. Maji yalikuwa yamefika vioo.

"Sista, legeza kamba," mpasua mbao alisema. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Mguu siusikii tena."

"Nikilegeza, damu itakuishia hapa hapa."

"Basi niongeleshe. Usinyamaze kama hilo dude mkononi mwako."

"Dude halijanyamaza, ndugu yangu," dereva alisema. "Linakula."

Mpasua mbao akacheka, akalia katikati ya kicheko.

Taa ya betri ya redio ilianza kumeta nyekundu. Mwanangu akashika kirungu cha kubadilisha chaneli.

"Unafanya nini?" dereva aliuliza. "Ukihama, yule akinyanyuka watatuita tusisikie."

"Nahodha wa boti naye anazisikia karanga hizi. Yule ni mtu wa zamani. Akichoka atakwenda ya pili."

"Na asipokwenda?"

"Tutakuwa tumekufa bila kusikiliza karanga."

Akazungusha. Kimya. Akaita. Kimya. Akaita tena huku amelaza tumbo juu ya machela ili isiteleze.

"Nani huyo chaneli ya pili?"

"Sista wa gari la wagonjwa. Daraja la chini. Tuko watatu, mmoja wa machela. Gari linaondoka."

"Chini? Jamani, mimi nimeambiwa juu. Nashuka na mto. Mfungueni mikanda, nikifika sina muda wa kufunga boti."

Boti ilitokea kwenye miti ikiwa ubavu ubavu. Walimtupia nahodha machela badala ya kumkabidhi. Dereva aliruka wa mwisho, na teke lake lile ndilo lililolimaliza gari. Likageuka tumbo juu, likaenda.

Mguu ulikatwa. Daktari alisema boti ingekuja moja kwa moja, huenda ungepona.

Mkuu alifika wodini na watu wake, mkono mbele. "Hongereni sana. Tumefanikiwa kuwaokoa."

Mwanangu hakuupokea mkono. "Mkuu, chumvi ulipata?"

"Chumvi gani?"

Nahodha alikuwa amesimama mlangoni. Akainamisha kichwa. Wote waliokuwa na redio siku ile walikuwa wanajua chumvi gani.

Nyinyi mnaopewa redio, mlioshika maisha ya wanangu mikononi, gaweni chaneli kabla maji hayajapanda. Semeni kifupi, achieni kitufe. Na anayetaka kusikia kila kitu, aangalie kwanza amekalia nini.

Juzi mwanangu alikuja kula kwangu. Kabla ya kuketi alipapasa kiti kwa kiganja, polepole, kama mtu anayetafuta sindano. Mdogo wake akamcheka. Mimi sikucheka. Nilivuta changu, nikapapasa.