Dawa ya Shati

Mkokoteni wa mabati ndio uliowakutanisha. Ilikuwa Ijumaa asubuhi kwenye lango la soko la komini ya Kenya, mojawapo ya wilaya za mji wa Lubumbashi, Kongo, saa ambayo watu hupita kwa mabega. Guelor alikuwa akiwahi shuleni, ndani ya shati jeupe lililopigwa pasi likapigika. Bati moja likamkwangua, na shati likapasuka kutoka kwapani hadi kiunoni.

"Prof, unaenda wapi na mbavu inje?"

Aliyeuliza alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ushonaji. Alivaa gauni refu la kitenge cha njano, mtandio wa bluu kichwani, na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Umejua namna gani kama niko prof?"

"Iko craie mu mufuko. Ao unaikulaka?"

Guelor akacheka, akagusa chaki mfukoni, akaingia. Alifungwa kitenge kifuani, akakaa kando ya cherehani huku mzee Asumani, baba wa yule msichana, akimtazama juu ya miwani. Msichana aliitwa Mounira. Alishona haraka, na Guelor alitamani achelewe.

Wiki iliyofuata aliagiza shati jipya, kisha la pili. Alipoagiza la nne, hata mzee Asumani aliacha kumwandikia vipimo.

Sasa walikuwa wapenzi, na mchana walipigiana simu.

"Umekula, chéri?"

"Bado. Nasahihisha mbele copies, mitihani ya batoto."

"Ao unakunywa. Mweye bantu ya Bel-Air, vendredi haipitake bila bia."

"Mi sinywake hata soda, Mounira."

"Ni vile banasemaka bote."

Ulikuwa utani, lakini aliurudia kila Ijumaa, na Guelor alianza kuchoka kuujibu.

Kwao, mtaa wa Bel-Air, napo palikuwa na maneno yao. Mama yake, Marie-Thérèse, mjane wa ukoo wa zamani wa pale pale mjini, tangu utoto wake alisikia kwamba Waislamu wa mkoa wa Maniema, kama kina Mounira, wanajua dawa, na kwamba wanawake wao humfunga mwanamume kama mbuzi. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kuiona dawa hiyo. Maneno yalipakuliwa pamoja na bukari, ule ugali wao, mezani, na watoto wakameza vyote. Guelor, mwalimu wa kemia, aliyacheka maneno hayo.

Jumapili moja dada yake Bijou alikuwa akipiga pasi shati la bluu, lile la nne. Kidole chake kikagusa uvimbe ndani ya pindo. Akafumua. Kikatoka kifurushi cha kitambaa, kidogo kama kidole gumba, kimeshonwa pande zote.

"Usikikamate," mama alisema, akarudi nyuma.

Guelor akacheka, akampigia Mounira na kufungua sauti ya simu ili wote wasikie na yaishe.

"Chérie, kuko kitu mu chemise yangu. Ni nini?"

Mounira alikuwa na pini mdomoni na mteja mbele yake. "Ile? Ni dawa, chéri. Ni ya kwetu, baba njo alinifundisha. Uiache mule, siku moja itakusaidia."

Mama akajipiga alama ya msalaba. Bijou akafunika mdomo. Guelor akakata simu.

Alipaswa kuuliza swali moja tu zaidi, lakini hakuuliza. Kwanza aliona aibu, halafu akaogopa, na woga huo ulimshangaza mwenyewe. Akaanza kujihoji. Mashati manne ya nini? Mbona chai ya pale kwa fundi ilimpendeza kuliko ya nyumbani? Kila kilichomfurahisha kwa Mounira sasa kilimshuhudia vibaya.

Mounira alipiga, akapiga tena. Siku ya tatu aliyepokea ni Bijou.

"Uache yaya yangu Guelor. Dawa yenu tunaijua."

Ndipo Mounira alipoelewa. Akalia juu ya cherehani, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana maneno hayo alianza kuyasikia shule ya msingi, wasichana wenzake walipokataa mandazi yake.

Wiki ya pili Guelor alishindwa kuvumilia. Mama alikuwa amekificha kifurushi ndani ya kopo pembeni mwa lupango, yaani ua wa nyumba yao, akiogopa kukichoma. Guelor akakibeba mpaka maabara ya shule, akafunga mlango, akavaa glavu, akakifungua kwa koleo.

Vifungo viwili vya bluu. Uzi umezungushwa kwenye kikaratasi. Kiraka cha kitambaa kile kile. Na kwenye kikaratasi, mwandiko wa Mounira: *Ya mukono ya chemise, sababu unaegemeaka sana ku tableau ya darasa.*

Guelor akakaa chini. Akavua glavu, akaziona mbaya kuliko kitu chochote alichowahi kuvaa.

Jioni hiyo alikuwa mlangoni kwa fundi.

"Niliifungua," alisema. "Na ma-gants ku mikono."

Mounira alitaka kucheka, akajizuia. "Shiye bafundi tunaiita vile, dawa ya nguo ikipasuka. Mama yako hanijue, simukasirikie. Weye unanijua."

"Niliogopa, Mounira. Unisamehe. Nataka kukuoa."

"Kuoa haiko kazi ya nguvu. Kazi ya nguvu iko kukaa pamoja. Nikipika, utaangalia chini ya sahani? Sitakaa mu nyumba kwenye banaogopa mukono yangu. Enda ubaambie. Alafu mama yako aniite yee mwenyewe."

Guelor alikwenda. Aliweka vifungo mezani mbele ya mama na Bijou, akaeleza yote, hata glavu. Bijou aliinama. Mama alikigeuza kikaratasi, akakisoma, akaenda nacho chumbani.

Alhamisi simu ya Mounira iliita.

"Ni mama Marie-Thérèse. Dimanche utakuya kula?"

"Nitakuya, mama."

Jumapili Mounira alivaa gauni la kijani alilolishona kwa mikesha miwili, na mtandio mweupe. Shangazi yake Mariam alimwonya: usile kule, sufuria zao zote zimepika nguruwe. Mounira alimkemea, lakini njiani maneno yakawa yanamrudia.

Bijou alimpokea mkoba kwa haya. Mezani mama akafunua chakula: bukari, sombe ya majani ya muhogo, na kuku wa mchuzi. Mounira akamtazama yule kuku. Kuuliza nani alimchinja kungekuwa matusi, na kutokula kungekuwa matusi makubwa zaidi. Mkono wake ukabaki gotini. Guelor akaona.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "nilienda ku soko kwa muchinjaji wenu. Nikamuuliza munakulaka namna gani. Nikamuuliza hata neno ya sufuria. Njo nikanunua ingine ya mupya."

Sufuria ilikuwa jikoni, karatasi ya dukani bado imeganda ubavuni.

"Unisamehe," akaongeza. "Myaka yote nilisemaka juu yenu, na hata siku moja sikuuliza."

Machozi yalimtoka Mounira, na hakuyafuta.

"Na miye, mama, nilikuya na mawazo ya kurudi kwetu na njaa."

Mama akamtazama, kisha wote wawili wakacheka, kwanza kidogo, halafu sana. Mounira akanawa mikono, akamega bukari, akala. Alipomaliza akaomba aongezewe mchuzi.