Kiti cha Nyuma

Haya yalimkuta shoga yangu, fundi wa kushona, na mpaka leo hayasimulii akiwa peke yake na mtu mmoja chumbani.

Walikuwa likizo nchi ya watu, yeye na mumewe, na gari la kukodi. Mume alibanwa na mafua, wakatoka hotelini mchana kutafuta duka la dawa. Shoga yangu aliendesha. Mume alishika simu yenye ramani, maana anaiamini kuliko anavyomwamini mkewe.

Ramani ikawaingiza kwenye handaki refu chini ya mlima, lisilo na taa hata moja. Katikati ya giza lile simu ikasema taratibu, "Umefika."

Akafunga breki. "Tumefika wapi?"

"Mtandao huo umechanganyikiwa. Twende, mke wangu."

Hapo ikaanza kengele inayolia mtu akikaa bila kufunga mkanda. Ti, ti, ti. Wao walikuwa wamefunga. Taa ndogo ya onyo iliyowaka kwenye dashibodi ilionyesha ni kiti cha nyuma.

"Labda ni begi lako," mume alinong'ona.

"Begi liko kwenye buti."

Hakuna aliyegeuka. Shoga yangu alikanyaga mafuta, kengele ikazidi kupiga haraka haraka, na mwisho wa handaki ukaonekana mbali, mdogo kama tundu la sindano.

"Usitazame kioo," mume alisema.

Nyuma yao mkanda ukavutwa, polepole, kisha ukafungwa. Tak.

Kengele ikanyamaza.