Harusi ya Bwana Fulani

"Mwalimu, Fulani ndio nani?"

Darasa zima likacheka. Nyanzala wa darasa la nne alikuwa na mdomo huo, huwezi kumnyamazisha.

"Fulani ni bwana harusi, na Fulani mwingine ni bibi harusi. Majina yakija tutayaweka. Haya, tena nyie. So, mi, do!"

Ndivyo tulivyofundisha nyimbo za harusi pale shuleni kwa masista, Mpanda, mwaka 1996. Wimbo mmoja ulihudumia ndoa zote. Mahali pa majina watoto waliimba "Fulani" wiki nzima, mpaka katekista alete majina kutoka ofisi ya parokia. Wimbo wa safari hii ulikuwa mpya. Tuliutunga wawili, mimi na mwalimu mwenzangu Gelasius, kwenye kile kinanda cha kukanyaga. Sauti zake, maneno yangu. Aliniambia tunautunga kwa ajili ya ndoa yetu, nami nikaamini, mjinga wa watu.

"Mbona unautoa wimbo wetu?" nilimuuliza Jumatatu ile. "Harusi ya Jumamosi ni ya nani kwani?"

"Watu wa Kakese, huwajui. Padre ameupenda, ningemkataliaje?"

"Na kibali changu?"

"Niachie mimi, Seve. Nitakipeleka kikasainiwe."

Niwaeleze. Mimi Séverine ni mtoto wa Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi. Nilizaliwa hukohuko, lakini karatasi zilisema mkimbizi, na mkimbizi hakutoka makazini bila kibali. Changu kilikuwa kinaisha Ijumaa. Kwa miaka miwili Gelasius ndiye aliyenipelekea kusainiwa, na kwa miaka hiyohiyo alinisihi mapenzi yetu yawe siri mpaka mama yake akubali.

Alhamisi asubuhi akaniletea kikaratasi kilichokunjwa:

"Mpenzi, kibali bado. Bwana wa ofisi kasafiri. Kesho nenda tu nyumbani, usije ukakamatwa bure. Jumatatu nakufuata mwenyewe, niongee na baba yako. Wako, G."

Aongee na baba! Nilikibusu kile kikaratasi. Kweli kabisa, nilikibusu.

Mchana katekista Venant akaegesha baiskeli mlangoni.

"Mwalimu, majina haya hapa. Wafundishe vizuri. Padre anataka watoto wamwimbie mwalimu wao."

"Mwalimu wao yupi?"

"Gelasius! Ina maana mwenzako hajakwambia?"

Nikasoma. Gelasius na Kija, binti wa mzee Manyanda wa Kakese.

"Mbona matangazo ya ndoa sikuyasikia?"

"Yalisomwa kigangoni Kakese, na kwao Gelasius, Sumbawanga. Dada, unaumwa?"

Nilikuwa nimeshakaa kwenye dawati la mtoto.

Nilimkuta Gelasius kwenye chumba cha kinanda, anapiga wimbo uleule.

"Kija ni nani?"

Akaacha kukanyaga.

"Seve, nisikilize."

"Nimekusikiliza miaka miwili."

"Mama kakataa. Amesema hataki wajukuu wa makazini. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ungelia."

"Kwa hiyo ukaona nikalie Katumba, ambako hutaniona."

Akafunika kinanda.

"Nipe kibali changu."

"Bado hakija..."

"Gelasius!"

Akakitoa kwenye mfuko wa shati. Kilikuwa kimesainiwa tangu Jumanne, mhuri na kila kitu, siku thelathini. Mwanaume alikibeba kifuani siku tatu huku akiniandikia kwamba bado. Kuoa mwingine ningekuja kumsamehe, huenda. Kile kibali, hapana.

"Nakuomba Jumamosi usije," akasema. "Mama yangu atakuwepo."

"Na watoto nani atawaongoza?"

"Sista Ernestine."

"Wimbo haujui. Tunaujua wewe na mimi, na wewe utakuwa unaoa."

Ijumaa niliandika majina ubaoni. Watoto wakapiga makofi, wakaruka, wengine wakapanda juu ya madawati.

"Kumbe ni mwalimu Gelasius!"

Nikachukua kitambaa, nikafuta jina moja.

"Bibi harusi tunamtaja kwa jina, nyie. Bwana harusi tunamwacha vilevile mlivyozoea."

"Fulani?" Nyanzala akauliza.

"Fulani."

"Mwalimu Gelasius atacheka!"

"Atacheka sana."

Kija nilimwacha na jina lake. Hakunikosea kitu.

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka nje. Walipokwisha kula kiapo nikasimama mbele ya watoto, hatua chache kutoka kwa maharusi, nikanyanyua mkono. Waliimba vizuri, jamani. Sijawahi kuwasikia wakiimba vile.

"Bibi Kija kapata nani? Kapata Bwana Fulani! Bwana Fulani, Bwana Fulani!"

Watu wakacheka, wakidhani watoto wamesahau. Kiitikio kikarudi mara ya pili, ya tatu. Kicheko kikaisha. Benchi la mbele mama yake Gelasius akapaza sauti:

"Hee! Mwanangu hana jina?"

Kija akanitazama. Akamtazama mumewe, ambaye uso ulikuwa umemshuka. Mwanamke hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Huyu dada ni nani?" akamuuliza kwa sauti ya chini.

Nilisikia. Nilikuwa karibu hivyo. Na mjinga mimi, hata pale bado nilingoja jina langu litoke mdomoni mwake.

"Mwalimu tu," Gelasius akasema. "Mkimbizi mmoja."

Mkono sikuushusha. Ubeti wa mwisho ulikuwa umebaki, na maneno yake niliyaandika mimi, usiku na mchana, nikijiona ndani ya gauni la harusi. Niliwaongoza watoto mpaka mwisho, nikawaashiria wakae.

Nje Sista Ernestine alinifuata. Machozi yalikuwa yananibubujika, wala sikuyaficha.

"Séverine, umewatumia watoto."

"Ndiyo, Sista."

"Jumatatu usije."

"Ndiyo, Sista."

Nikapanda lori la Katumba mchana uleule. Kwenye kizuizi cha barabarani askari akakisoma kibali changu, akanitazama.

"Mbona unarudi mapema? Una siku nyingi bado."

"Kazi imeisha," nikamwambia.

Akalisoma jina langu lote kwa sauti, taratibu, akanirudishia karatasi.