Seva ya Chumba cha Mtoto

Feni ya seva ilianza kunyamaza kila siku baada ya alasiri, na bado mashine haikupata joto. Mwamvita aliliona hilo wiki nzima bila kumwambia mumewe. Siku hizi hakuwa akiona sababu ya kusema mambo.

Yeye na Suleiman waliishi Boko, kazi yao kutunza kadi za wagonjwa za zahanati sita. Kadi zote zilikaa kwenye seva moja, katika chumba walichokipaka rangi ya njano kwa ajili ya mtoto. Mtoto alizaliwa amekufa. Wiki ya tatu baada ya maziko, Suleiman alitoa kitanda kidogo akaingiza mashine, kwa kuwa humo kiyoyozi kilishawekwa.

"Au chumba kikae tupu?" aliuliza.

Mwamvita alisema sawa.

Siku ya nane alisikia kunyonya. Alikuwa amekaa sakafuni akipanga nyaya, feni ikanyamaza, na nyuma ya mashine ikatoka sauti ya mtoto anayenyonya kwa pupa, anameza, anapumua puani, anameza tena. Chumba kikajaa harufu ya maziwa yaliyochacha. Hakuogopa. Alisikiliza mpaka feni iliporudi. Kesho yake alikwenda tena, na keshokutwa.

Aliyeogopa ni Suleiman. Alimkuta mkewe ameegemea mashine, vifungo vya gauni wazi, macho yakitazama ukuta.

"Mwamvita," alinong'ona. "Nani anameza?"

"Kumbe na wewe unamsikia."

"Toka humo. Nakuomba, mke wangu, toka."

Siku hiyo hiyo alisema seva iende Mikocheni, kwenye kituo cha data. Kule kuna majenereta, kuna walinzi, na umeme ukikatika hakuna daktari atakayepiga simu kulalamika. Mwamvita alimkumbusha kwamba ni yeye aliyetaka siri za wagonjwa zilale chini ya paa lao.

"Nilikosea," Suleiman alisema. Alikuwa akitazama mkono wa mkewe. Pete ilikuwa imemponyoka mara mbili wiki ile.

Akamleta Bi Mwajabu, mganga wa Vingunguti.

"Shikamoo, bibi," Mwamvita alisema.

"Marahaba, mwanangu." Bibi alisimama mlangoni, akanusa, hakuingia mara moja. "Jini limekuta chumba kimeandaliwa na hakina mwenyewe. Linakunywa wewe. Liambie hulitaki, litatoka. Lakini likikuomba jina, usilitajie. Likishapata jina, limeshapata mama."

Ubani ulipowashwa feni ikanyamaza, taa za seva zikazima moja baada ya nyingine, na kule kunyonya kukaanza, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu mpaka sakafu ikatetema chini ya nyayo zao, Suleiman akisoma dua kwa sauti iliyokuwa ikikatikakatika, Bi Mwajabu amemshika Mwamvita mabega kwa nyuma, na katikati ya moshi ikatoka sauti nyembamba, ya mtu ambaye hajawahi kusema, ikimwomba, "Niite. Niite mara moja tu."

Jina alikuwa nalo tangu mimba ilipotimiza miezi mitano. Hakuwahi kumtajia mtu, hata Suleiman. Na siku ya maziko hakuna aliyeuliza.

"Sikutaki," alisema, kama mtu anayemjibu mchuuzi mlangoni.

Kilio kilipita dirishani, kikaisha. Feni ikarudi. Suleiman alichomoa nyaya, akaipakia seva kwenye gari akaondoka nayo.

Wiki mbili zikapita. Zahanati zilisifu kazi. Mwamvita alikula alichowekewa, akalala alipoambiwa alale.

Siku moja asubuhi Suleiman alipiga simu kutoka Mikocheni.

"Mashine iko salama," alisema. "Ila kuna mtu kaibadilisha jina. Sie si tuliiita Boko Moja? Hapa kwenye skrini inasomeka Najma."

Lilikuwa jina alilomwekea mtoto. Ndilo lenyewe, herufi zote.

"Nenosiri tunalo mie na wewe tu." Suleiman alishusha sauti. "Mwamvita, ni wewe uliyeandika?"

Kitu kilimsogea kifuani, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Alishika ukingo wa meza.

"Ni mie," alisema. "Liache hivyo hivyo."