Maswali ya Afande Abalo

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake za shule, Lamunu alikaa kwenye ngazi ya nyumba yao katika kambi ya polisi, Kampala, akaandika. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu, na safari hii alikuwa amepania kweli kweli. Klabu ya waandishi shuleni ingechagua hadithi moja tu ya kusomwa mbele ya wazazi. Yake ilihusu siku ambayo baba yake, askari, alihamishiwa Moroto, mbali kaskazini-mashariki.

Binamu yake Ojera, mwanafunzi wa chuo kikuu, alijitolea kumsaidia. Msaada gani huo! Aliichukua hadithi akairudisha imejaa maneno mazito mpaka Lamunu mwenyewe hakuitambua. Hata hivyo Lamunu alijiona bingwa, akaipeleka klabuni.

Mwalimu Nabangala wa klabu aliisoma, kisha akavua miwani.

"Unasema mama yako 'alizama katika lindi la simanzi'. Alifanya nini hasa?"

Aibu ilimshika Lamunu. "Sijui, mwalimu. Aliandika kaka Ojera."

"Asante kwa kusema kweli. Niletee yako Jumatatu. Tafuta mtu wa kukusaidia, si wa kukuandikia."

Atampata wapi? Ndipo alipomkumbuka jirani yao, Afande Abalo. Mama huyo hakuwahi kutunga hadithi hata moja, lakini kwa miaka ishirini alikuwa akiandika maelezo ya mashahidi kituoni. Lamunu alimkuta akichambua mchicha, akamweleza shida yake.

"Kalamu shika wewe," Abalo alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Mimi nauliza tu. Siku ile mama nafanya nini?"

"Alihuzunika, anti."

"Hapana. Shahidi nasema kitu jicho yake naona. Mikono ya mama nafanya nini?"

Lamunu alifumba macho. "Alikuwa anafunga kopo la simsim, ule ufuta, la safari ya baba. Akalifungua, akaongeza kijiko. Akalifunga. Akalifungua tena. Lori la kumchukua baba likapiga honi, yeye bado anaongeza."

Abalo aliacha mchicha. "Andika hiyo, mtoto yangu."

Waliendelea hivyo hadi adhuhuri, mmoja akiuliza, mwingine akikumbuka na kuandika.

Hadithi ya Lamunu ndiyo iliyochaguliwa. Alipomaliza kuisoma mbele ya wazazi, mama yake alimkumbatia huku machozi yakimtoka. "Kumbe siku ile uliniona," alinong'ona.

Lamunu alimpigia magoti Afande Abalo, aliyekuja pamoja na mama yake, mbele ya watu wote. "Asante sana, anti. Sitakusahau." Moyo wake ulijaa shukrani.

Mwalimu Nabangala akawageukia wanafunzi. "Mmeona? Anayekufanyia kazi yako anakuacha pale pale ulipokuwa. Mwalimu wa kweli anakuonyesha kwamba kazi unaiweza. Ukimpata mtu wa namna hiyo, msikilize, na usichoke kumshukuru."